Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Filamu: Yesu mnayemtafuta alikuwa Mgalilaya

Ndugu Mkurugenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Nimesoma tangazo lenu la kutafuta mwigizaji wa Yesu. Kwenye sifa za mwombaji mmeandika: awe na "sura ya Yesu tuliyoizoea". Tumeizoeshwa na nani?

Mwaka 1961 Hollywood ilituletea Yesu aliyeigizwa na Jeffrey Hunter, Mmarekani mwenye macho ya bluu. Mwaka 1965 akaja Max von Sydow wa Sweden. Katika filamu hiyohiyo Sidney Poitier, mtu mweusi, alikuwa Simoni Mkirene, yaani mbeba msalaba. Mwaka 1977 ikawa zamu ya Mwingereza Robert Powell, macho yaleyale ya bluu.

Inayoniuma zaidi ni filamu ya "Yesu" ya 1979, iliyokwisha kutafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000. Ilipigwa Israeli kwenyewe, na waigizaji wengi wa pembeni walikuwa Wayahudi wenye asili ya Yemen. Katikati yao akasimamishwa Brian Deacon, Mwingereza. Kwa hiyo walijua watu wa kule wanafananaje! Walipofika kwa mhusika mkuu tu, ujuzi wakauweka kando.

Fungueni Mathayo 26:48. Yuda alilazimika kumbusu Yesu ili wale waliokuja kumkamata wajue ni yupi. Mzungu wa macho ya bluu katikati ya wavuvi wa Galilaya angehitaji busu la nini?

Najua mtasema Yesu ni wa wote, kila taifa lina haki ya kumchora kwa sura yake. Sina ugomvi na hilo. "Son of Man" ya Afrika Kusini (2006) ilimfanya Mwafrika, lakini iliihamishia hadithi nzima Afrika ya leo, na mtazamaji anajua anachoangalia. Ninyi mmetangaza filamu ya historia. Mnahangaika na kanzu, viatu na mitungi ya karne ya kwanza, halafu sura mnaichukua kwenye kalenda ya ukutani?

Naomba sentensi ile ifutwe kabla usaili haujaanza, na nafasi hiyo itangazwe kwa waigizaji wa Mashariki ya Kati. Tena, tafadhali, mweusi kuliko wote asipewe Yuda, kama ilivyokuwa 1973 katika "Jesus Christ Superstar": Carl Anderson msaliti, Ted Neeley Mwokozi.

Nasubiri jibu lenu, la hadharani kama barua hii.

Wenu katika Kristo,
Muumini na mtazamaji