Ndege iliyopitia bandari yetu

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, baridi imeanza kupungua. Natumai mama na watoto wazima, na gereji inakwenda vizuri.

Jumapili nilikwenda Old Warden, hapa Uingereza, kwenye makumbusho ya ndege za zamani, nikaonana na ndege iitwayo Miss Kenya. Ni de Havilland DH.51, ndege ya mwaka 1924. Ilikusudiwa kuwa ndege ya matembezi ambayo mtu binafsi angeweza kuimudu: rubani na abiria wawili, mbao na kitambaa, mabawa juu na chini. Ili bei iwe nafuu wakaitia injini ya nguvu za farasi 90, masalio ya Vita Kuu ya Kwanza.

Hapo nilikukumbuka wewe. Injini ile ilikuwa na mfumo mmoja tu wa kuwasha plagi. Ukizimika angani, hakuna wa pili wa kukushusha salama. Wakuu wa usafiri wa anga wakakataa kuipa cheti mpaka iruke saa 10 za majaribio. De Havilland, mtengenezaji wake, akaona heri aing'oe, akaweka injini iitwayo Airdisco ya farasi 120, silinda nane. Ndege ikatulia, lakini unafuu wa bei ukapotea. Zilitengenezwa tatu tu.

Usiseme kazi ilikwenda bure. Mbunifu wa injini Frank Halford aliigawa Airdisco hiyo nusu, akatumia silinda nne kuunda injini ya Cirrus, farasi 60. De Havilland akaijengea ndege ndogo zaidi, ya watu wawili, akaiita Moth. Aliirusha mwenyewe tarehe 22 Februari 1925, Stag Lane, London, na hiyo ndiyo iliyoenea katika vilabu vya urubani. Napenda sana ujasiri ule wa kukata injini nzima ili upate inayofaa.

Sasa sikia. Ile DH.51 ya tatu ilinunuliwa na mlowezi John Carberry, ikaletwa kwa meli hadi Mombasa mwaka 1925, bandari yetu hii hii, ikapanda bara. Ndiyo ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya! Ilirudishwa Uingereza 1965, na kati ya zile tatu ndiyo pekee iliyosalia.

Nyanya yako husema baba yake alikuwa hamali bandarini miaka ile. Tafadhali muulize kama aliwahi kumsimulia habari za ndege iliyoshushwa melini. Picha za injini nimekupigia nyingi, nitakuletea Desemba.

Akupendaye,
Hamisi