Geji ya mtungi wa jikoni haipimi gesi iliyobaki

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo kuhusu geji zinazouzwa za kufunga kati ya mtungi wa gesi ya kupikia na regulata (kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi kabla haijafika jikoni), zile zenye mshale unaopita kwenye kijani, njano na nyekundu. Mnunuzi anaambiwa kwamba mshale ukiwa kwenye kijani, gesi bado ipo ya kutosha. Si kweli. Mtungi uliojaa na mtungi uliobaki robo huonyesha karibu namba ileile, kisha mshale unaanguka siku gesi inapokatika, wakati hata moto wenyewe umeshakuambia. Anayetumia fedha kununua kifaa hicho ili ajue kiasi kilichobaki amepoteza fedha zake, na sababu yake imo katika somo la gesi tunalofundisha kidato cha tatu.

Chukua mtungi mdogo wa kilo 6, ambao ndani una nafasi ya lita 14 na kidogo. Kilichomo ni mchanganyiko wa propani na butani. Tukikadiria kwamba moli moja (kipimo cha wakemia cha idadi ya molekuli) ya mchanganyiko huo ina gramu 54, kilo 6 ni moli 111. Mwanafunzi akiweka namba hizo katika kanuni ya gesi, PV = nRT (mgandamizo mara ujazo ni sawa na idadi ya moli mara namba isiyobadilika R mara joto), kwa joto la Kelvin 300, yaani nyuzi 27 za Sentigredi ukijumlisha 273, R ikiwa 0.083 na ujazo lita 14.4, atapata mgandamizo wa bar 192; bar moja ni karibu mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Mitungi ya aina hii hupimwa uimara kwa takriban bar 30. Hesabu haina kosa. Kosa ni kudhani kwamba mtungi mzima umejaa gesi tupu, wakati karibu robo tatu ya nafasi ile ni kimiminika, na mvuke umekaa juu yake.

Pakiwa na kimiminika na mvuke wake katika chombo kilichofungwa, mgandamizo haufuati kiasi kilichomo. Unafuata joto na aina ya kimiminika. Kwenye nyuzi 30 za Sentigredi, propani peke yake hutoa karibu bar 11 na butani peke yake karibu bar 3. Mchanganyiko wenye butani nyingi, ambao nchi za joto zinaweza kuutumia bila shida, hukaa katikati, bar 5 hivi. Ukipika, mvuke unatoka, kimiminika kinachemka kidogo kuziba pengo, na mgandamizo unarudi palepale. Kanuni ya Boyle, isemayo kwamba ujazo ukiongezeka mgandamizo hupungua, inataka kiasi cha gesi kisibadilike. Hapa kinabadilika kila sekunde, kwa hiyo kanuni haina pa kushika. Ni kweli mgandamizo hushuka kidogo kadiri mtungi unavyotumika, kwa kuwa propani hutangulia kutoka na butani hubaki nyuma, lakini badiliko hilo si la kusomeka kwenye geji ya rangi tatu.

Kipimo cha kuaminika ni mizani. Kila mtungi una uzito wake mtupu ulioandikwa kwenye kola au ubavuni, kwa herufi T.W. au neno la maana hiyo. Uzito huo hutofautiana kati ya mtungi na mtungi hata kama ni wa kampuni moja, kwa hiyo usikubali kukadiriwa. Ukisoma kilo 7.4 kwenye mtungi wa kilo 6, mizani lazima ionyeshe 13.4. Ikionyesha 12.9, umepunjwa nusu kilo, hata kama lakiri ya juu haijaguswa. Pimisha kabla hujalipa. Nyumbani, mizani ya kuning'iniza itakuambia kilichobaki vizuri kuliko geji yoyote.

Geji ileile hudanganya kwa upande wa pili pia, na hapa wanaoumia ni wauza chipsi na mama lishe. Kimiminika kinahitaji joto ili kiwe mvuke, na joto hilo kinalitoa kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Jiko kubwa linalounguza nusu kilo kwa saa likifungwa kwenye mtungi mdogo, mtungi unapoa kuliko hewa inavyoweza kuupasha. Unatoka jasho, wakati mwingine unashika barafu chini, mgandamizo unashuka na moto unafifia. Mpishi anaamini gesi imekwisha, anarudisha mtungi dukani ukiwa bado na kilo nzima ndani. Wengine wanauweka kwenye beseni la maji ya moto au kuusogeza karibu na jiko. Hilo lisifanyike kabisa. Kimiminika hiki hutanuka kwa joto kuliko maji, ndiyo maana kiwandani huachwa nafasi tupu ya takriban asilimia 20. Mtungi ukipata joto mpaka kimiminika kijaze nafasi yote, mvuke wa kubonyea unakuwa hakuna, na mgandamizo unapanda kwa kasi ambayo chuma hakiwezi kuihimili. Dawa yake ni mtungi mkubwa zaidi au mitungi miwili iliyounganishwa kwa viungo vya kazi hiyo, ikae mahali penye hewa, si ndani ya kabati lililofungwa.

Kuulaza mtungi ili kukamua gesi ya mwisho ni hatari ya namna nyingine. Ukisimama, valvu inatoa mvuke. Ukilala, inatoa kimiminika, na lita moja ya kimiminika huwa takriban lita 250 za gesi. Regulata ya nyumbani imeundwa kwa ajili ya mvuke. Ikipokea kimiminika, jiko linatoa ndimi za moto zinazofika mbali na sufuria.

Sasa mwalimu amwambie mwanafunzi atazame magari ya Dar es Salaam yanayotumia gesi asilia. Gesi ile karibu yote ni methani. Mwaka 1869 Thomas Andrews wa Belfast alionyesha, kwa majaribio ya kaboni dayoksaidi, kwamba kila gesi ina kiwango cha joto ambacho juu yake haigeuki kimiminika hata ukiigandamiza namna gani. Kwa methani kiwango hicho ni karibu nyuzi 83 chini ya sifuri, na kwa propani ni karibu nyuzi 97 juu ya sifuri. Ndiyo maana propani inalala kimiminika jikoni kwa bar chache, ilhali methani ya gari inabaki gesi hata kwa bar 200. Kwenye tangi la gari mshale hushuka kweli kadiri unavyotembea, na mshale ukifika nusu ya bar za mwanzo, imebaki karibu nusu ya gesi. Ila hesabu haikai sawasawa. Tangi la lita 60 kwa bar 200 na Kelvin 300 lingekuwa na kilo 7.7 kwa PV = nRT, na uhalisia ni kilo 9 na ushee, kwa sababu kwenye mgandamizo huo molekuli zinavutana na kukaa karibu zaidi.

Madereva nao wana malalamiko ambayo kanuni ya mgandamizo na joto inayajibu: ujazo usipobadilika, mgandamizo hupanda na kushuka sawia na joto la Kelvin. Tangi linajazwa mpaka 200, na baada ya muda geji inasoma 180. Hakuna aliyeiba. Kujaza haraka hupasha gesi. Kama ilifika nyuzi 57 kisha ikapoa hadi 27, ni Kelvin 330 kwenda 300, na 200 × 300 ÷ 330 ni karibu 182. Mwanafunzi anayeacha Sentigredi kwenye hesabu hiyo anapata 95, yaani nusu ya gesi imepotea hewani. Kosa hili naliona kuliko lingine lolote kwenye mada hii, na mfano wa tangi hulitoa haraka kuliko kukariri kanuni, maana kila mtu anajua tangi halipotezi nusu kwa kupoa tu.

Tofauti ya gesi hizi mbili inahusu usalama pia. Moli moja ya methani ina gramu 16 dhidi ya 29 za hewa, hivyo hupanda juu. Gesi ya mtungi ina uzito karibu mara mbili ya hewa, hivyo hutambaa sakafuni. Inaanza kuweza kulipuka ikifika takriban asilimia 2 ya hewa. Jiko la mita 3 kwa 3 lenye kimo cha mita 2.5 linahitaji kama kilo moja kufika hapo kote, lakini ikikaa chini tu, kwenye nusu mita ya kwanza, gramu 200 zinatosha. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua mlango na matundu ya chini, si madirisha tu, na usiguse swichi, iwe ya kuwasha au ya kuzima.

Kutafuta panapovuja, changanya sabuni ya maji na maji, pakaa kwa brashi kwenye kiungo cha regulata, kwenye klipu mbili za mpira wa kupitisha gesi na mpira huo wote, kisha fungua valvu huku jiko limezimwa. Povu likiota, funga. Mara nyingi kosa ni ringi ya mpira iliyokauka au iliyopotea kwenye valvu. Kama mpira wa kupitisha gesi umepasuka ukiukunja, nunua ule uliotengenezwa kwa ajili ya gesi. Mpira wa kumwagilia bustani huliwa na butani na kuvuja ndani ya muda mfupi, hata ukikazwa vipi.

Mwalimu wa kemia,
Dar es Salaam