Njombe ni mji wa maziwa, basi yaanze kunywewa hapa hapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niandike juu ya mji wetu wa Njombe, ambao kila unapotajwa magazetini hutajwa kwa mambo matatu: baridi, parachichi na mbao. Sina ugomvi na hayo matatu. Baridi ipo, na mgeni anayeshuka kwenye basi mwezi Juni au Julai bila koti hujuta kabla hajatoka stendi. Parachichi zimeezeka nyumba nyingi katika miaka ya karibuni. Na malori ya mbao hatuna haja ya kuyatafuta, kwani yanatupita kila siku. Lakini mwandishi anayeishia hapo ameuacha mji wenyewe, kwa maana kinachowaamsha wengi wetu alfajiri na kinachowapa fedha ya kutegemea mwisho wa mwezi ni ng'ombe wa maziwa.

Njombe iko kama kilomita 60 kusini mwa Makambako, kando ya barabara kuu iendayo Songea, kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na tangu mkoa ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012 ndiyo makao makuu yake. Baridi wanayoilalamikia wageni ndiyo bahati ya mfugaji. Ng'ombe wa kisasa, hasa wenye damu ya Friesian, kwenye joto hula kidogo na huandamwa na magonjwa ya kupe, ilhali hapa hutulia, na mvua zetu huotesha majani ya malisho kama matembo na gatemala kwenye kingo za mashamba ya mahindi na viazi. Ufugaji wenyewe ni wa zizini: ng'ombe mmoja, wawili au watatu nyuma ya nyumba, hata ndani ya mitaa ya mji, wakikatiwa majani na kuongezewa pumba na mashudu ya alizeti. Msomaji aliyezoea kuona makundi makubwa ya ng'ombe yakiswagwa barabarani asiyatafute huku.

Anayetaka kuufahamu mji huu afike asubuhi kwenye kituo chochote cha kukusanyia maziwa. Watakuja wanawake na ndoo ndogo zenye mifuniko, watoto waliotumwa kabla ya kwenda shule, na vijana wa pikipiki waliofunga madumu ya alumini kwa mipira. Mpokeaji hukoroga, hutumbukiza laktomita kuona kama maziwa yameongezwa maji, kisha huchanganya kiasi kidogo na spiriti kwenye kichupa na kukitikisa. Yakiganda, yamekataliwa, na mwenyewe huyarudisha nyumbani mbele ya macho ya majirani zake. Hapo hapo panazungumzwa nani amefiwa, mtamba wa nani umeshika mimba baada ya kuhimilishwa na bei ya mashudu imepanda kiasi gani. Nathubutu kusema kwamba mikutano mingi ya mtaa haipati mahudhurio ya namna hiyo.

Jambo la pili linaloushikamanisha mji ni utaratibu tunaouita kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Familia hupewa mtamba kupitia mradi, kikundi au kanisa, na badala ya kulipa fedha hulipa ndama jike wa kwanza, ambaye hupelekwa kwa familia nyingine iliyokwisha kujenga banda na kupanda majani. Aliyetoa na aliyepokea hubaki wakijuliana hali, wakisaidiana ng'ombe anapougua kiwele au anapokataa kusimama baada ya kuzaa. Miradi hiyo iliungwa mkono na wafadhili wa aina nyingi, Waswisi na Waitaliano wakiwamo, na kiwanda cha maziwa cha hapa mjini kilitokana na ushirikiano wa wafugaji wa Njombe na shirika la CEFA la Italia; ndiyo sababu mji wetu, uliozoea ugali, viazi na msimu wa ulanzi, yaani pombe ya mianzi, unatengeneza pia jibini za mtindo wa Kiitaliano ambazo wengi wetu tunaziona zikisafirishwa kuliko tunavyozionja.

Hapo ndipo ninapofika kwenye lililonifanya nikuandikie, Mhariri. Utafiti wa taifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 50.4 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Ni Iringa peke yake, jirani yetu na mzazi wetu, iliyotuzidi, kwa asilimia 56.9. Mkoa wenye mahindi, viazi, maharage, parachichi na maziwa unazidiwa afya ya watoto na mikoa inayoomba mvua. Viongozi wamelisema hili majukwaani mara nyingi, na mara nyingi hulisema kana kwamba akina mama wa hapa ni wazembe, jambo ambalo si kweli na halisaidii.

Ukweli ni kwamba mama wa Njombe ana kazi nyingi kupita saa za siku. Anakata majani, anakamua, anapeleka maziwa, anakwenda shambani akiwa na mimba au na mtoto mgongoni, na mtoto huyo, akishafikisha miezi sita, hupewa uji mwepesi wa sembe kwa sababu ndio unaopikika haraka na ndio uliopo. Maziwa ya asubuhi ni ya kituoni kwa kuwa yanaandikwa kwenye daftari na kulipwa mwisho wa mwezi, na ndiyo ada, ndiyo marejesho ya kikundi, ndiyo mchango wa msiba. Ya jioni, ambayo vituo vingi havipokei, hugawanywa kati ya ndama na mteja wa mgahawani. Nyumba inaweza kuwa na ng'ombe wawili wanaokamuliwa na mtoto wa miaka miwili asiyepata kikombe kimoja kwa siku.

Wapo watakaonijibu kwamba tuliwahi kuwa na mpango wa maziwa shuleni, na kwamba urudishwe na upanuliwe. Naunga mkono, kwani mtoto aliyekunywa maziwa hukaa darasani akiwa na utulivu, na kiwanda hupata soko la uhakika. Hata hivyo tusijidanganye: udumavu hujengeka ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na anapofika darasa la kwanza madhara makubwa yamekwisha kutokea. Pakiti ya shuleni inamfaa mtoto, ila haimfikii wakati alipoihitaji zaidi.

Kwa hiyo ninayo maombi kwa Halmashauri yetu. Serikali iliagiza kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani kwa ajili ya lishe. Naomba fedha hiyo, badala ya kuishia kwenye semina na posho za safari, inunue maziwa yaliyosindikwa hapa hapa kwa ajili ya wajawazito na watoto waliovuka mwaka mmoja ambao kliniki imewabaini kuwa na uzito hafifu. Naomba pia afisa lishe na afisa mifugo waende pamoja kituoni asubuhi, pale watu walipo tayari, wazungumze na akina mama na, kwa msisitizo, na akina baba, ambao ndio mara nyingi wanaopokea malipo hata pale wasipokata jani. Tena vyama vya wafugaji viangalie kupokea maziwa ya jioni kwenye vituo vyenye tangi la kupozea, ili nyumba ipate kipato kinachotosha kuiachia lita moja ibaki jikoni bila mtu kuhisi ameipoteza fedha.



Bajeti ya mwaka ujao wa fedha itakapopelekwa kwenye kata kujadiliwa, nawaomba wafugaji wenzangu wahudhurie na waulize kifungu hicho cha lishe kimetengewa kiasi gani na kitanunua nini.

Wako,
Mfugaji,
Mjimwema, Njombe Mjini