Piano ikilia kama bati, tazameni nyundo kwanza

Mhariri,

Kanisa au hoteli yenye piano kubwa, ile ya nyuzi zilizolala, sauti ikianza kukwaruza masikio huita fundi aje kutyuni, yaani kukaza au kulegeza nyuzi. Akimaliza, noti zimekaa sawasawa lakini ukali uko palepale, na fundi huonekana hajui kazi. Tunaomba nafasi tumtetee kidogo, kwa sababu mara nyingi ukali huo hutoka kwenye nyundo, na kutyuni hakugusi nyundo hata moja.

Piano ya kawaida ina vibonye 88, kila kimoja na nyundo yake: kipande cha mbao kilichovishwa sufu nene iliyoshindiliwa, yaani felti. Ikiwa mpya, felti hudunda. Hugusa uzi na kuuachia papo hapo. Miaka ikipita, nyuzi huchimba mifereji utosini mwa nyundo, na sufu iliyo chini ya mfereji hugandamana ikakaribia ugumu wa ubao. Nyundo ngumu huchochea mno zile sauti nyembamba za juu zilizomo ndani ya kila uzi, na ile nzito ya msingi humezwa.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Piga noti za kati kwa nguvu, kisha uzirudie ukiwa umekanyaga pedali ya kushoto. Kwenye piano kubwa pedali hiyo husogeza nyundo zote pembeni kidogo, hivyo nyuzi hukutana na sufu isiyochimbika. Ukali ukitoweka ghafla, mwenye kosa amepatikana.

Dawa ya mifereji ni msasa uliogundishwa kwenye kijiti: namba 120 kwanza, halafu 220, na laini zaidi kwa nyundo ndogo za juu. Unasugua kutoka begani, yaani ubavuni mwa nyundo, kuelekea utosini, ukilinda umbo la yai. Nyundo za juu kabisa zina felti nyembamba. Ukipitiliza unafika kwenye mbao, na hapo noti itagonga kama mlango. Lakini pesa nyingi hupotea hata kabla ya msasa. Mtambo wa vibonye huvutwa nje kama droo, na mkono ukikandamiza kibonye kimoja wakati wa kuvuta, nyundo yake huinuka, hukwama kwenye ubao wa vigingi vinavyokaza nyuzi, na mpini hukatika.

Baada ya msasa ndipo zije sindano za kulainisha felti, kwa kawaida tatu kwenye mshikio mmoja. Huchomwa mabegani, pande zote mbili za utosi, zikielekea kwenye mbao ya katikati. Mara mbili tatu kila bega, rudisha mtambo, sikiliza, ndipo uongeze. Kuchoma utosi wenyewe kwa kina ni kuiua noti, na kuifufua ni shida. Wapo pia waliokwisha kuzimwagia nyundo vanishi ya kukazia ili piano "isikike hadi nyuma". Nyundo za namna hiyo huingiwa na sindano kwa taabu.

Noti moja tu ikiwa na sauti ya puani huku jirani zake ni nzuri, acha sindano. Huenda nyuzi zake tatu hazilingani kimo. Shikilia kibonye ili dampa, kile kizuizi kinachonyamazisha uzi, ibaki juu, inua nyundo taratibu kwa waya uliopinda hadi iguse nyuzi, kisha dona uzi mmoja mmoja. Ule unaoendelea kulia haujaguswa na nyundo, na kazi ni kuusawazisha na wenzake.

Kutyuni kuna nafasi yake: nyuzi tatu za noti moja zikipishana hata kidogo, sauti huchacha. Kwa hiyo kutyuni hutangulia sindano. Nyuzi nzito zilizozungushiwa shaba nazo zikizeeka huwa bubu, na noti za juu zikaonekana kali kuliko zilivyo.

Mwisho ni chumba. Piano hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Ukumbi wa Dar es Salaam au Mombasa unaowashiwa kiyoyozi Jumapili tu huipandisha na kuishusha kila wiki, na noti haziwezi kutulia. Ukumbi huo ukiwa na vigae, vioo na zege tupu, tandika zulia zito chini ya piano, ufunge kifuniko kikubwa, usikilize upya. Zulia ni rahisi kuliko nyundo 88 mpya.

Mafundi wa piano,
Dar es Salaam