“Mvuke wenu unatibu presha?”

Haipiti wiki mapokezi ya bafu letu la mvuke bila mteja kutuuliza hivyo. Hautibu. Tunachouza ni joto, maji baridi na kukandwa, basi. Ila swali lenyewe ni la zamani, na kila nikilisikia humkumbuka Daktari James Manby Gully.

Gully alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1808, akasomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1842 yeye na mwenzake James Wilson walianzisha tiba ya maji Malvern, mji wa vilima huko Uingereza. Enzi hizo madaktari wengi waliwatoa wagonjwa damu na kuwanywesha zebaki, kwa hiyo aliyeahidiwa kupona kwa maji matupu alifunga safari bila kusita.

Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, alifika mwaka 1849, tumbo limemsumbua miaka. Kabla ya saa moja asubuhi alisuguliwa kwa taulo gumu lenye maji baridi hadi akaiva kama kamba aliyechemshwa. Kisha bilauri ya maji, kisha matembezi. Kutwa alifungwa kitambaa kibichi tumboni. Sukari, siagi na viungo, marufuku. Wagonjwa wengine walizungushiwa shuka lililoloweshwa, mablanketi juu, utadhani wamevikwa sanda!

Darwin akapata nafuu. Je, ni maji? Mimi naona ni zile wiki za kuacha kazi, kutembea na kula kwa kiasi. Maji ya Malvern yenyewe sifa yake ni usafi tu, madini yake ni haba.

Mwaka 1851 Darwin alimpeleka huko binti yake Annie, wa miaka 10, kwa Gully yuleyule. Mtoto alifariki tarehe 23 Aprili, akazikwa palepale Malvern.



Kwa hiyo ukija kwetu, vidonge vyako vya presha endelea kuvimeza kama ulivyoandikiwa, na umwambie mhudumu kabla hujavua viatu. Joto hutanua mishipa. Ukisimama ghafla presha inaweza kushuka ukaanguka. Mama mjamzito amuulize daktari wake kwanza. Wewe wa presha tutakukalisha benchi la chini, kwenye joto dogo, dakika chache tu, na mlango wa chumba cha mvuke hatuufungi kwa ufunguo.