Kliniki inapima mtoto, na mama je?

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu akina mama waliojifungua juzijuzi. Nilimsindikiza mdogo wangu kliniki ya chanjo hapa Eastlands, ile ya wiki sita, mtoto akavuliwa nguo akawekwa kwa mizani, kilo zikaandikwa kwa kitabu, akadungwa, tukaambiwa turudi wiki ya kumi. Mama mwenyewe, ambaye halali hata mtoto akilala, chakula hakipiti, machozi yanamtoka tu akikunja nepi, hakuna mtu alimuuliza lolote. Nesi simlaumu, alikuwa peke yake na foleni imefika geti.

Kinachoniuma ni kwamba maswali ya kuuliza yako tayari. Yanaitwa Edinburgh, ni ya kutambua depresheni ya baada ya kujifungua, yalitolewa 1987 huko Scotland, ni kumi tu na Kiswahili chake kipo, mtu anajaza akingoja zamu yake. Yanauliza wiki hii iliyopita umeweza kucheka, umejilaumu bure, umekosa usingizi juu ya huzuni, na la mwisho linauliza kama umefikiria kujidhuru. Sasa mama wa kujibu ndio hapo kwa la mwisho ndio huyo tunamwambia arudi wiki ya kumi?

Kulia lia siku za kwanza ni kawaida na huisha kama kwa wiki mbili hivi. Ikizidi hapo na mtu anazidi kuzama hiyo ni depresheni, na si kidogo, Shirika la Afya Duniani linasema nchi zinazoendelea karibu akina mama 20 kwa kila 100 hupata shida ya akili baada ya kujifungua, sana sana hiyo depresheni. Halafu mtu anaambiwa ati omba tu, ati wewe si wa kwanza kuzaa. Mama zetu walikuwa na shosho na majirani wa kupika uji, huku mtu anashinda na mtoto kwa bedsita peke yake, mzee ametoka alfajiri, likizo yake ya wiki mbili kisheria ni ya walioajiriwa, wa jua kali hana.

Theripi inasaidia, mdogo wangu ameanza kulala tangu aanze kuongea na kaunsela, lakini tulimpata kwa kuulizana na bei ya praiveti mama mboga haiwezi. Na hawa makochi wa wazazi wamejaa mtandaoni, kwa kupanga usingizi wa mtoto na kurudi kazini sawa, lakini kwa ugonjwa ulizeni kwanza kama mtu amesajiliwa, sheria ya makaunsela na wanasaikolojia iko tangu 2014.

Pakistan walifundisha wahudumu wa mtaani, si madaktari, kukaa na akina mama wenye depresheni nyumbani kwao, na utafiti wa 2008 ukaonyesha baada ya miezi sita waliobaki wagonjwa ni 23 kwa 100, huku kwa wale waliotembelewa na wahudumu wasio na hayo mafunzo ni 53. Sisi tuko na wahudumu wa afya ya jamii tayari, wanabisha milango yetu na zile begi zao. Kaunti iwafundishe, hiyo karatasi ya maswali itiwe ndani ya kitabu cha kliniki ijazwe wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, na kila kliniki ya chanjo ipate kaunsela hata siku moja kwa wiki, bila malipo.

Dada mkubwa,
Umoja, Nairobi