YAH: MALALAMIKO KUHUSU WAYA WA ALUMINI ULIOUZWA KAMA SHABA TUPU

Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule yetu ilinunua dukani kwenu roli la waya wa kusukia koili, kipenyo milimita 0.50. Lebo inasema shaba tupu, vanishi (utando wa kuhami umeme) daraja la 2, yaani nene, na bei mliyotutoza ni ya shaba. Tunasuka koili ya Tesla, kifaa cha kuzalisha umeme wa volti nyingi na masafa ya juu, kwa ajili ya maabara ya fizikia: mizunguko kama 1,000 juu ya bomba la PVC la inchi 4, zaidi ya mita 340 za waya bila kiungo.

Roli lilikuwa jepesi mno. Nikapima mita 100, zikatoa gramu 70, wakati shaba ya unene huo hufika gramu 176 hivi. Multimita ikasoma ukinzani wa omu 13.6 badala ya 9. Nikakwangua ncha kwa wembe: vanishi ikatoka, wekundu ukafuata, ndani peupe. Ni alumini iliyovikwa shaba.

Alumini si haramu. Transfoma nyingi za oveni za maikrowevu zimesukwa kwa alumini na zinapiga kazi. Lakini anayenunua aambiwe anachonunua.

Kijana wenu wa mauzo alinijibu kwamba umeme wa masafa ya juu hupita pembezoni mwa waya, kwa hiyo shaba ya juu inatosha. Nusu yake ni kweli. Kwenye kilohezi 200, masafa ya koili kama yetu, mkondo huzama kama milimita 0.15 ndani ya shaba. Utando wenu wa shaba, kwa hesabu ya uzito ule, haufiki milimita 0.02. Mkondo mwingi unabaki kwenye alumini.

Vanishi ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nilitumbukiza kipande cha waya kwenye maji ya chumvi, ncha zikiwa nje, nikaufunga kwenye hasi ya betri ya volti 12, na chanya kwenye msumari ndani ya maji hayohayo. Viputo vikatoka katikati ya waya, hapa na pale, kila penye tundu. Vanishi nzima haitoi kiputo. Kwenye koili ya volti nyingi, tundu la namna hiyo ni mlango wa cheche kurukia mzunguko wa jirani. Kijana wenu kuniambia nipake vanishi nyingine nikishamaliza kusuka ni mzaha: ile ya juu huzuia unyevu na kushikilia mizunguko, haipenyi ikaziba kila tundu lililobanwa katikati.

Naomba mrudishe fedha zetu pamoja na nauli ya mzigo, au mtupatie shaba halisi ambayo tutaipima uzito na ukinzani hapohapo kaunta. Maroli mengine yenye lebo hiyo yaondolewe rafuni, maana mafundi wa kusuka mota wanayanunua. Mota ikiungua, lawama humwangukia fundi.

Roli, lebo na risiti ninavyo. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitavipeleka Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani.

Wako,
Mwalimu wa Fizikia
Morogoro